Chupa Zenye Picha ya Keki

Pongwe, Tanga

Kaka Mathew, shikamoo.

Sisi tupo. Muhogo umestawi, na mpwa wako Yudith siku hizi anaimba kwaya ya watoto kanisani.

Zile chupa zako za Krismasi zilifika salama. Niliona kinywaji cheusi, chupa ina picha ya keki, nikajua ni malta, kile kisicho na kilevi. Nikammiminia mwenyewe shemeji yako kwenye glasi ya wageni. Unajua Asheri alikuwa hajagusa pombe tangu Yudith azaliwe.

Nami nilionja. Ikaja chokoleti, kisha mdalasini na karafuu, tamu kama keki yenyewe. Halafu ukali ukashuka, kifua kikawaka moto. Nilipogeuka kumzuia, glasi yake ilikuwa tupu. Alikuwa amefumba macho. Akauliza taratibu, "Mama Yudith, imebaki?"

Kaka, tangu hapo haijapita siku hajalewa. Zako zilipokwisha alihamia kwenye gongo. Simu yangu ameiuza, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Yudith akisikia baba yake anafungua mlango, anajificha uvunguni.

Barua hii ameniagiza yeye. Amekaa mbele yangu, hawezi kusoma maana miwani yake ilivunjika kwenye ugomvi. Anaamini nakuomba utume nyingine. Nikisita kidogo ananihimiza, "Mwambie hata mbili tu."

Usitume kitu, kaka. Njoo utuchukue.

Anasema nisisahau salamu zake. Anakusalimu sana, na anashukuru.

Mdogo wako,
Brightness