Sidii ya Kufutika Uliyonichomea

Bakari, mtani wangu, mzoga wewe,

Usidhani nakuandikia kwa huruma. Kalamu naishika mwenyewe, sikumwomba mjukuu. Shule niliishia darasa la pili, lakini Marambo nzima hakuna mzee wa rika langu anayejaza ukurasa peke yake. Kwa hiyo soma. Huna kazi nyingine huko.

Nilikuja Ruangwa kukutukana. Sidii mfukoni, maneno nimeyapanga njia nzima ndani ya basi. Nafika kibandani kwako pa kuchomea sidii, namkuta mkeo peke yake. Ananiambia shemeji, mwenzio ana siku tisa kaburini.

Siku tisa. Nani alilala kaburini mwako kuwazuia wasikuzike mpaka watoe kuku? Nani alisimama mbele ya watu akasema ulikuwa mlafi wa wali wa hitima? Hakuna, maana mimi mtani wako sikuambiwa. Wamekuzika kimya kama mgeni wa serikali.

Sasa kosa lako. Video ya marehemu mke wangu, Somoe, akiwaimbia wajukuu walipotoka jandoni, nilikuletea kwenye kadi ya simu. Ukaweka sidii mbili mezani. Moja ikishachomwa haiguswi tena. Nyingine inafutika, unaandika upya. Ukasema ya kumbukumbu ni ile ya kwanza. Nikakujibu mbele ya wateja wako kwamba mtu mwenye mikorosho kama yangu hanunui kitu cha kutumia mara moja kama njiti ya kiberiti. Na kadi nikakuambia uifute, unijazie dansi za zamani.

Ukacheka. Ukasema, "Haya, bwana mkubwa, mali ni yako."

Hapo ndipo uliponiua. Tangu lini wewe ukanitii? Kwenye msiba wa mama yangu ulikamata beberu wangu, nikapiga kelele, ukamchinja hivyo hivyo. Siku ya ndoa yangu ulikalia kiti changu ukagoma kuinuka. Babu zetu walituachia utani ili unizuie nikiwa mpumbavu. Siku moja tu niliyokuhitaji unigomee, ukawa mpole. Mwoga mkubwa.

Mkwe wangu akaipeleka sidii hiyo kwa fundi wa kompyuta Nachingwea aongeze nyimbo za harusi. Fundi akafuta kwanza, ndipo akaandika. Mimi naweka kwenye deki, namsubiri Somoe, wanatoka vijana wanarukaruka.

Mkeo alitafuta kwenye kompyuta yako asubuhi nzima. Hamna. Ulizoea kujisifu kwamba hubaki na vitu vya watu. Jisifu sasa.

Mimi bado... Sauti yake, Bakari. Uso ninao kwenye picha. Sauti sikuwa nayo kwingine.

Nimemwambia mkeo atoe sidii ya kuchomwa mara moja. Wiki ijayo narudi, nakaa mbele ya simu yake anirekodi, nauimba wimbo ule mwenyewe kwa sauti yangu hii ya kunguru. Ubeti wa mwisho siukumbuki, na aliyeujua ni Somoe. Nikifika hapo nitanyamaza kwa urefu wa ubeti wenyewe, kisha nimalizie kiitikio. Mkeo ameshasema pale patupu atapakata, eti watu watadhani sidii mbovu.

Haya, baki huko na udongo wako. Nakuahidi, akishika mkasi wa kompyuta yake kukata pale, nitakalia kiti chako hapo kibandani, kama ulivyokalia changu, na sitainuka.

Mtani wako, ambaye hajakusamehe.