Nani Kawaambia Baba Haelewi Filamu?

Jumapili jioni, Ihanja. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, na mimi nina hasira. Nimefua nguo za nyumba nzima nikidhani itatoka. Haijatoka. Basi naiweka hapa.

Kwa mgeni wa blogu hii: naishi Singida mjini, nauza vitambaa, na mwisho wa wiki nakuja huku kijijini Ihanja kwa baba. Baba ni mwalimu mstaafu, kafundisha Kiingereza shule ya msingi maisha yake yote. Mwaka huu, kabla ya mavuno ya alizeti, alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelegea na maneno yanatoka kwa shida, moja moja, mengine yanakwama njiani. Anakaa na kaka yangu Yona na wifi yangu Neema, na wanamtunza. Hilo silikatai. Anaogeshwa, analishwa, ananyolewa ndevu.

Ila hawazungumzi naye. Wanazungumza juu yake.

Kuna riwaya moja nene ya Kiingereza, ya zamani sana, ambayo baba aliiokota stoo ya shule ikiwa haina jalada. Tulipokuwa wadogo alitusimulia yote kwa Kiswahili tukiwa tunapura alizeti uwanjani. Mfalme anaiba mvua ya nchi nzima, anaifungia ndani ya mlima, na binti wa mhunzi anatoka na punda wake mmoja kwenda kuifungua. Sisi tuliozoea kukaa miezi tukitazama juu hatukuona kama hiyo ni hadithi ya Wazungu. Mimi nilijua ni ya hapahapa Ihanja.

Sasa imetengenezewa filamu, tena kubwa, ya pesa nyingi. Niliposikia tu, nikampigia Yona simu: tafuta, baba aione.

Akatafuta. Akaenda kwa jamaa anayeweka muvi kwenye flashi, akapewa ile ya kutafsiriwa. Mnazijua hizo. DJ anaongea juu ya filamu mwanzo mwisho, mfalme sauti yake, binti sauti yake, punda sauti yake. Sina ugomvi na ma-DJ, nimekua nao. Na niseme ukweli, jana hata mimi nilicheka alipomwita waziri wa mfalme mwenyekiti wa kitongoji. Sebule ilijaa majirani, watu wanashika mbavu. Baba kwenye kiti chake hakucheka hata kidogo.

Tukafika mwisho. Binti amerudi nyumbani na mvua inanyesha nyuma yake. Kichwa kimekuwa cheupe kwa mvi, mama yake mzazi hamtambui. Mama hamuulizi jina wala atokako. Anasogea tu kwenye kigoda, anamwachia nafasi karibu na moto. Baba alipokuwa akifika hapo zamani, alikuwa ananyamaza, na sisi tunaacha kupura.

DJ akapiga kelele: "Mama mkwe huyo! Ameshaona mahari!" Halafu akatuambia binti alikuja kuolewa na mtoto wa mfalme, wakala raha.

Watu wakapiga makofi. Baba akanyoosha mkono wa kushoto kwenye televisheni, akasema kwa sauti, "Si... si hivyo!"

Nilisikia vizuri. Kila mtu alisikia.

"Mzee amechoka," Yona akasema. "Neema, hebu mpeleke akalale." Jirani mmoja akaongeza kwamba labda anataka msalani. Msalani! Mtu anakosoa filamu, nyinyi mnamtafutia choo.

Nikasema kesho namwekea ile halisi, ya Kiingereza. Yona akatikisa kichwa. "Debora, kile Kiingereza hata mimi sikipati. Mzee haelewi siku hizi. Utamchosha bure." Aliyasema hayo amesimama kichwani pa baba, kama vile baba ni kabati. Baba akatazama chini.

Nani kawaambia haelewi? Daktari? Daktari alisema tukiwa sote watatu mbele yake: kilichoumia ni kusema, akili ipo, mpeni muda amalize mwenyewe. Yona alikuwepo. Aliitikia kwa kichwa, akanunua dawa, tukapanda gari tukarudi.

Nilikosa usingizi kwa hasira. Na katika kugeukageuka nikakumbuka jambo ambalo sikulitaka. Jana mchana baba alisema "ma..." nami nikakimbia na maji. Akayanywa. Labda alitaka magazeti. Labda alikuwa anauliza maendeleo ya biashara yangu. Sijui, kwa sababu sikungoja. Sote nyumba hii tumekuwa ma-DJ wa baba.

Leo wenyewe walipokwenda kanisani, nikafunga mlango, nikafungua laptopu yangu, nikaiweka mezani mbele yake. Bando nililonunua kupakua filamu hiyo lingetosha mwezi mzima. Sijutii.

Jamani, ni filamu nzuri. Acheni niwaambie bila aibu kwamba nililia. Ule mlima wameutengeneza ukaonekana unapumua. Punda wamempa uso wa mtu aliyevumilia mengi. Na pale binti anapofungua mlango wa mfalme, tunangoja ngurumo na mafuriko, lakini kwanza linadondoka tone moja tu, kwenye sikio la punda, naye analitikisa kama anafukuza inzi. Muziki unakatika. Hakuna anayesema kitu. Baba alicheka hapo! Cheko lake la darasani, ambalo sijalisikia tangu augue. Nilimtazama yeye zaidi ya filamu.

Mwisho ulipofika, mama akasogea kwenye kigoda. Baba akavuta pumzi. Nikaziba mdomo wangu kwa mkono, kabisa, nisije nikamsaidia.

"Hapo... wame... patia," akasema.

Nikadhani yameisha, nikainuka kuchemsha chai. Kugeuka hivi, namkuta amekunja uso, anagonga mkono wa kiti. Na wakati huo huo Yona na Neema wanaingia, Biblia kwapani.

"Mzee ana nini?" Yona akaniuliza mimi.

"Si huyo hapo? Muulize."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akavuta stuli. "Baba, kuna nini?"

"Wame... wamemtoa..."

"Wamemtoa nani? Wamemtoa mchungaji? Wamemtoa m..."

Nikamkanyaga mguu, tena kwa kisigino. Akanyamaza. Bati likapiga kelele kwa upepo. Neema alisimama na sufuria mkononi hajui aiweke wapi. Nilimwona Yona anafungua mdomo, anafunga, anafungua tena. Kumbe kungoja ni kazi ngumu kwa mtu anayempenda mzee wake. Hilo nalo nalikubali.

"Mvu... shaji," baba akasema.

 Nikaona linamfikia Yona.

"Yule mzee wa mtumbwi? Aliyekuwa anakohoa kwanza ndipo aseme?" Akasimama. "Wamemtoa? Wamemtoaje? Sasa binti anavukaje mto?"

"Da... raja," baba akasema, kwa dharau ambayo wanafunzi wake wanaifahamu.

"Daraja!" Yona akapandisha sauti. "Daraja la nini? Kitabu kizima hakina daraja! Mtu anatumia mabilioni anashindwa kutafuta mzee mmoja na mtumbwi?" Akazunguka sebule. Alikuwa amechukia kweli, mimi nimechukia, baba amechukia kuliko sote, na sikumbuki lini mara ya mwisho tulikuwa watu watatu tunaobishana jambo moja.

Kisha Yona akarudi kwenye stuli, akasogea karibu, akashusha sauti. "Hebu, baba. Alimwambia nini binti pale katikati ya maji? Mimi nimesahau."

Baba akajiweka sawa kwenye kiti. Halafu akaanza kukohoa.

Neema akaacha sufuria, akakimbilia kikombe cha maji. Yona akamshika kanga.

"Muache," akamwambia. "Ameshaanza."

Alisimulia mpaka jasho likamtoka, akachoka wakiwa bado katikati ya mto. Kesho asubuhi nilitakiwa kuwa dukani. Siendi mpaka wavuke.