Ua la Bahari la Mjukuu Wangu Limesinyaa

Mpendwa mshauri, mwanangu, naomba msaada na naomba upesi, maana mjukuu wangu anarudi mwisho wa mwezi na sina uso wa kumtazama. Shule sikuisogelea, kwa hiyo anayeandika hapa ni jirani yangu fundi cherehani, lakini maneno ni yangu, yeye alitaka kuanza na "kwa heshima na taadhima" nikamwambia aache mapambo, kuna kiumbe kinakufa.

Mjukuu huyu nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, sasa ni binti mkubwa anasomea uuguzi, kapelekwa mji mwingine kwa mafunzo, akaniachia sebuleni tangi lake la kioo la maji ya chumvi, na ndani yake kuna mnyama anamwita anemoni, mimi namwita ua, maana amekaa juu ya jiwe kama ua, ana vidole vingi laini vinavyopepea, na katikati ya vidole hivyo analala samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, haendi mbali, ni kama mtoto na blanketi lake. Siku ya kuondoka binti aliniambia, "Bibi, taa inajiwasha yenyewe, chakula kidogo mara moja kwa wiki, na maji yakipungua ongeza tu." Nikamjibu, nenda mama, nimelea watu, nitashindwa na ua?

Basi maji yakapungua, nikaongeza. Lakini mwanangu, mimi ni mpishi, nimepikia harusi na misiba maisha yangu yote, na mchuzi ukiuongeza maji bila kuongeza chumvi si unapooza? Na haya ni maji ya bahari! Nikachota chumvi ya tangi kwenye ndoo aliyoiacha binti, nikakoroga kwenye jagi, nikaonja kwa ulimi kama ninavyoonja sufuria, nikaona sawa, nikamimina. Kila yakishuka nafanya hivyo. Nyumbani wananisema, mwanangu wa kiume, baba yake binti, akikaa mezani anasema, "Mama, leo umepika bahari," lakini sahani yake huirudisha tupu, kwa hiyo ulimi wangu nauamini.

Sasa ua limesinyaa likawa kama soksi iliyoloa, vidole vimeingia ndani, juzi likang'oka kwenye jiwe likaanza kutambaa kwenye kioo kuelekea kwenye pampu, nikachukua mwiko nilibandue nilirudishe mahali pake, likang'ang'ania, nikaacha. Nikasema labda ni njaa, nikawa nalilisha kipande cha samaki mbichi kila siku, linatema. Yule samaki wake anazunguka pembeni hana pa kulala, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baba yake binti anasema, "Litupe chooni, mama, mwambie lilikufa lenyewe." Huyu anayeandika naye, amekunja uso hapa lakini ataandika, anasema ninunue lingine la rangi hiyohiyo, binti hatajua. Nikamuuliza, "Wewe nikikubadilishia kitambaa cha mteja hutajua?" Lakini mwongo mkubwa ni mimi. Kila Jumapili binti anapiga simu, ananijulia hali, kisha anauliza, "Na ua langu?" nami nasema, "Linacheka na samaki wake," naye anacheka. Na ni mimi niliyemfundisha kwamba kwenye nyumba hii kikombe kikivunjika kinasemwa siku hiyohiyo, hakifichwi nyuma ya kabati. Ninunue lingine, niseme limekufa lenyewe, au nifanyeje? Niambie wazi, usinibembeleze.

Bibi mpishi

*Mshauri anajibu:*

Bibi, shikamoo. Umekataa kubembelezwa, basi kaa tuzungumze.

Ua halijafa. Linalotambaa na kutema bado liko hai. Nimemuuliza mtu anayefuga viumbe hawa, na tulipofika kwenye jagi lako la chumvi akashika kichwa. Nikuulize wewe mpishi: mchuzi ukisahaulika jikoni ukakauka, chumvi inapungua? Unakuwa mkali, na wewe unaurekebisha kwa maji matupu. Tangi ni hivyohivyo. Maji yanaenda hewani, chumvi inabaki ndani. Binti alisema uongeze maji, na alimaanisha maji. Jambo hili unalijua tangu usichana wako, ila safari hii hukuona moto. Mwanao alikaribia jibu pale mezani, akaishia kutania.

Chumvi irudishe kwenye ndoo, funga mfuniko. Chota jagi moja la maji ya tangi umwage, rudisha jagi la maji yaliyochujwa, si ya bomba, na kesho tena vivyo hivyo, polepole, maana ukilishtua kwa maji matupu mengi kwa mpigo utalimaliza. Mwenye tangi kama hili hakosi kipimo cha chumvi, kitafute karibu na ile ndoo. Fundi anayesoma futi ya kitambaa atakusomea na hicho, badala ya kukufundisha kubadilisha maua ya watu. Ulimi wako uache kwenye sufuria. Mwiko nao weka mbali kabisa, mguu wa mnyama huyu, ule anaoshikia jiwe, ukichanika kupona ni kwa bahati. Mdomo wa pampu ufunge na sifongo lisije likanyonywa. Na acha kumshindilia mgonjwa chakula, alichotema kitoe kabla hakijaoza. Likianza kuyeyuka na kunuka, hapo ndipo limekufa, nalo litoe upesi ili samaki apone.

Lakini hayo yote yanasubiri simu. Katika nyumba yenu anayejua kuliuguza ua hili ni mmoja tu, naye ndiye unayemficha. Kila unapomwambia linacheka unamfunga mikono. Kwa hilo nakulaumu, bibi, kuliko chumvi. Chumvi uliitia kwa mapenzi, huo uongo uliutia kwa woga, na wewe si mtu wa woga.

Usingoje Jumapili. Piga leo, simama mbele ya tangi, usianze na harusi ulizopikia wala ulivyomlea. Sema ulichofanya. Atakasirika, pengine atalia. Mwache alie, usikate simu. Akimaliza atakuuliza maji yamefika wapi na ua limekaa wapi, nawe utamjibu unachokiona kwa macho yako.

Na kama ulimi utakuwa mzito, anza hivi: "Mama, kikombe kimevunjika." Ataelewa. Wewe ndiye uliyemfundisha.