Fimbo ya Clifford na Kipande cha Shaba

Thornlaw,
9 Oktoba

Dada Winnie,

Clifford amefanywa Kapteni wa walinzi wa Malkia. Clifford wetu huyu, aliyenyonya kidole mpaka siku ya kuanza shule, amepewa fimbo na Malkia mwenyewe, mkono kwa mkono.

Haya, sasa nikuamkie, maana nimeanza kama mtu asiyelelewa. Hujambo dada yangu? Magoti yako yanasemaje na upepo huo wa Hartlepool? Binti yako na wajukuu hawajambo? Mimi ni mzima, kifua tu hunibana asubuhi, na paka amezaa tena kwenye kapu la nguo safi. Nilipata barua yako ya Agosti nikaisoma mara mbili. Nisamehe nimechelewa kujibu. Sababu utaiona mbele.

Habari hizi kijiji kizima kinazo, kwa sababu nimezitangaza mwenyewe. Pale duka la nyama nilizisema kwa sauti ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye foleni. Mama Purvis akaniuliza kama Kapteni atapewa farasi pia. Nikamwambia farasi ni wa watu wasio na akili ya kupewa fimbo. Mchungaji naye alinipa mkono kanisani mbele ya watu, na unajua yule huwa hatoi mkono bure.

Ngoja nikueleze cheo chenyewe kama alivyonieleza Clifford, maana mimi nilidhani amekuwa askari, nikaanza kumwombea. Walinzi hao waliwekwa na mfalme mmoja wa kale aliyepata kiti chake vitani, karibu miaka mia tano nyuma, na kwa vile alikipata kwa upanga aliogopa kukipoteza kwa upanga. Wakawa wanaonja chakula chake, wanachoma godoro lake kwa jambia kabla hajalala, wanalala mlangoni pake. Kapteni wao alikuwa mwanamume wa vita kweli. Baadaye vita vikaisha, cheo wakapeana mabwana wakubwa, baba na jirani ya baba. Kisha vyama vya siasa vikakiona kitamu vikakichukua. Siku hizi chama kikishika serikali, Kapteni ni mtu wake, na kikianguka, Kapteni anaanguka nacho. Kazi yake hasa ni unadhimu katika Baraza la Malodi: kuwahesabu malodi wenzake, nani yupo, nani amesinzia, nani ametorokea chakula siku ya kura. Nikamwambia, basi wewe ni mchunga kondoo mwenye upanga. Akacheka, akasema, “Mama, kondoo wanasikia.”

Wale walinzi wenyewe, makoti mekundu mpaka magotini, bado wanazo kazi zao. Kabla Malkia hajafungua Bunge hushuka na taa za kale kukagua vyumba vya chini, kwa sababu zamani mtu aliwahi kuficha baruti humo. Clifford akasema mtoto wa mgodini Thornlaw ndiye hasa wa kushuka gizani na taa, maana ameshazoea. Hapo tulicheka wote wawili.

Alikuja Jumamosi na fimbo, nyeusi, kichwa chake dhahabu. Aliilaza mezani kati ya pai na birika la chai. Akatoa na kadi mbili za kuhudhuria ufunguzi wa Bunge, moja yangu, ya pili ameandika jina lako kwa mkono wake. Nikaanza kuwaza kofia zetu.

Kisha nikamuuliza kama hiyo fimbo itakuwa yake milele. Akasema hapana, siku serikali ikiondoka ataipeleka mwenyewe kwa Malkia. Aliyeipokea ndiye huirudisha, akasema, hamtumi mtu. Akaongeza, kwa mzaha tu, mtoto masikini ya Mungu: “Kama kipande cha shaba cha mgodini, Mama. Kila anayeshuka na chake chenye namba yake, na akipanda anakirudisha mwenyewe.”

Kikombe kilinidondoka, Winnie. Kile cha maua cha marehemu mama.

Vumilia kidogo usome mpaka mwisho. Ukitaka kuichana barua, ichane ukishamaliza.

Ile siku ya Joss, miaka thelathini na moja iliyopita, wewe umeishi na maneno haya: kwamba mwanao alikwenda kutafuta zamu ya ziada siku yake ya mapumziko, na kwamba mzee Tot Hebdon wa chumba cha taa, aliyewagawia wachimbaji taa na vipande, kwa macho yake mabovu, alimpa kipande kisicho chake. Ndiyo maana paa liliposhuka na wakatoa mwili usiotambulika uso, mfukoni wakakuta shaba yenye namba 417, namba ya Clifford. Tot aliapa mpaka anakufa kwamba mtu aliomba 417 naye akampa 417. Hakuna aliyemwamini. Watoto walimzomea barabarani, nami nilisimama dirishani nikiwasikia.

Tot alisema kweli.

Clifford alikuwa na mtihani Durham siku hiyo, ule wa chama cha wachimbaji wa kumpeleka chuoni. Msimamizi wa zamu alikuwa amemkatalia ruhusa, akasema asiyeshuka asirudi tena. Clifford akakata tamaa, akasema basi. Mimi sikusema basi. Nilikwenda kwa Joss nyuma ya nyumba yenu, anampa njiwa mtama, nikamwomba ashuke kwa jina la mwenzake, siku moja tu. Clifford nikamdanganya kwamba msimamizi amelegeza moyo. Joss alinicheka. “Usijali, Mama Mdogo,” akasema, “Clifford ana kichwa, mimi nina mabega. Leo mabega yatakwenda badala ya kichwa.” Akajifunga skafu mpaka puani, akaenda. Nilimwambia asikwambie, kwa sababu nilijua ungekataa.

Hilo ungeweza kunisamehe pengine. Lililobaki sijui.

Honi ya ajali ililia mgodini saa tano. Saa sita wanaume wawili walikuja mlangoni kwangu wamevua kofia, wakasema 417. Wewe ulikuwa umeshafika, na unga mikononi. Uliniketisha. Ukanikumbatia, ukalia, ukasema, “Mdogo wangu, bora angekufa mtu mwingine yeyote.” Ulinipikia chai. Uligeuza kioo ukutani, kama ilivyo desturi ya msiba. Ulianza hata kupiga pasi shati jeupe la Clifford la kumzikia. Kwa muda wa saa tatu nzima ulimlilia mwanangu, na mimi nilijua ni wako.

Nilijua tangu walipotaja namba. Nikanyamaza. Kila nilipofungua mdomo uliniwekea kikombe mkononi. Nikajiambia, acha awe na Joss wake saa moja zaidi. Huo ni uongo, Winnie. Niliogopa tu uache kunishika.

Saa tisa Clifford akashuka kwenye basi, penseli sikioni. Wewe ndiye uliyemwona kwanza. Ulipiga kelele ya furaha, ukamkimbilia barabarani na pasi bado mkononi, ukamkumbatia, ukasema amefufuka. Ulifurahi kwa ajili yangu kuliko nilivyofurahi mimi mwenyewe. Kisha nikaona umesimama. Nikaona unageuka kutazama upande wa mgodi, taratibu, unahesabu.

Jumamosi nilimwambia Clifford yote. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Aliifunga fimbo ndani ya kitambaa, akasema, “Nimeishi kwa kipande cha mtu, Mama, na sijakirudisha.” Alitaka aje kwako usiku huo huo. Nikamwomba, kwa mara ya mwisho nimeomba kitu katika maisha haya, aniache niandike mwenyewe, maana hili hamtumi mtu. Anasema fimbo hataibeba mbele ya Malkia mpaka Mama Mkubwa amesikia. Ukimwambia aiache, ataipeleka ilikotoka. Vyovyote iwavyo, atasimama kanisani kwetu aseme jina la Joss na jina la Tot Hebdon mbele ya wote, na wajukuu wa Tot wameitwa. Mimi nitasema sehemu yangu kabla yake.

Wasalimie binti yako na watoto. Mama Purvis anakusalimu, bado hajui. Shati lile jeupe ninalo mpaka leo, limekunjwa ulivyolikunja wewe. Kile kipande walinirudishia mimi, kwa kuwa namba ilikuwa yetu, na nimekitia ndani ya bahasha hii. Ni chako.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje tu, hata kama ni kuketi kiti cha nyuma usinitazame. Tunakungojea wote kanisani Thornlaw, Jumapili, tarehe ishirini, saa nne asubuhi.

Mdogo wako,
Nora Raisbeck