Leso Zilizopaka Bwawa Rangi

Tororo, Uganda
20 Aprili 1976

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Huku sote wazima, isipokuwa Swaliki ameng'oka jino na kila mgeni lazima alione kabla hajakaribishwa kiti. Wewe je? Na magoti?

Usinijibu kwamba unamshukuru Mungu halafu ukanyamaza. Muzamiru, dereva mwenzake Badiru, alipita kwako juzi, na ameniambia huwezi tena kukanyaga cherehani. Anasema jirani yako Syprose anakaa sakafuni akisukuma pedeli kwa mikono, wewe uko juu unaongoza kitambaa, na mnagombana kuhusu mwendo. Nilicheka, Mama, kisha nikalia. Cherehani hiyo ndiyo iliyotulea, na najua usipoikanyaga mwenyewe hutajiona mtu.

Sasa nisikilize. Nimemweleza daktari wa hapa. Anasema mtu mwenye magoti ya namna yako atembee ndani ya maji ya kifuani, kila wiki, kwa sababu majini miguu haibebi mzigo. Na lile bwawa la kuogelea la klabu ambalo zamani tulikuwa tukilichungulia kwenye ua, siku hizi anaingia yeyote mwenye kiingilio. Nitawapeleka watoto kwanza nione kukoje. Kisha uje.

Badiru na wajukuu zako wanakusalimu.

Mwanao,
Mastula


Busia, Kenya
3 Mei 1976

Kwako Mastula,

Wa alaikum salaam, na marahaba. Mimi mzima. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Muzamiru, na akipita tena nitamshona mdomo.

Hebu nieleze vizuri jambo la bwawa, maana sijalielewa. Mtu na mumewe na watoto watano wanaamka alfajiri. Wanalipa kiingilio cha watu saba. Wanabeba chakula cha watu kumi na wanne, kwa kuwa mtoto akitoka majini anakula kama aliyechimba kisima. Wanamaliza sabuni, nayo huko kwenu haipatikani. Yote hayo ili walowe. Mimi nimeishi miaka hamsini na minane karibu na mto, na mto haujanidai senti. Mvua ikinyesha, waambie watoke nje.

Halafu mpaka. Unajua yule kijana mwenye bunduki alivyonimwagia mfuko wa vifungo barabarani, nikaviokota kimoja kimoja kwa magoti haya haya. Siku ile niliapa sitavuka tena. Mengine siandiki, barua ina wasomaji wengi njiani.

Tena, nani alikuambia nitavua nguo mbele ya watu? Wala nyinyi msivue. Nawatumia leso tatu mpya, nyekundu tupu, moja yako na mbili za mabinti. Mjifunge vizuri.

Mbusu Swaliki, na jino lake litupwe sasa.

Mamako


Tororo,
14 Juni 1976

Mama mpenzi,

Salaam nyingi na shikamoo. Wazima tupo, ila tumefukuzwa bwawani, na aliyetufukuzisha ni wewe.

Jana Jumapili tulikwenda. Kila ulichosema kuhusu gharama ni kweli, na ulisahau mengine. Kiingilio kilimfanya Badiru ahesabu pesa mara tatu. Chumba cha kubadilisha nguo ni kimoja, foleni inafika barabarani. Tulipofika mbele Swaliki akataka choo, tukarudi nyuma. Taulo tulisahau nyumbani. Maharage yalimwagikia kwenye nguo za kurudia. Mpaka hapo nilikuwa bado nafurahi, Mama. Watoto walikuwa wanapiga kelele za raha ambazo sijazisikia katika mji huu kwa muda mrefu.

Kisha tukaingia na leso zako.

Unajua leso mpya haivaliwi mpaka ilowekwe kwenye chumvi ili rangi ishike. Najua nawe unajua. Lakini huku chumvi hatujaiona tangu Machi, hata mboga tunakula chapwa. Nikajiambia maji ni mengi, rangi kidogo itapotea humo. Haikupotea. Kwanza tulizungukwa na wingu, kisha upande wote wa watoto ukawa mwekundu, na Zubaida akatoka na miguu ya waridi. Mama mmoja alipiga kelele akidhani mtu kaumia.

Mlinzi wa maji ni mzee Owor, mtu wa kijiji cha Kiyeyi, mpole sana. Alisimama ukingoni na fimbo yake ya wavu akatazama tu. Halafu akasema, "Mama Zubaida, mimi naangalia hii maji miaka saba. Leo imekuwa mchuzi."

Meneja hakuwa mpole. Badiru amelipia maji yamwagwe yajazwe upya, na leso zimepigwa marufuku kwa tangazo lenye wino mwekundu. Lakini mzee Owor alinifuata mpaka kwenye lori akaninong'oneza kwamba Alhamisi asubuhi wanawake wanaweza kuachiwa bwawa peke yao, ua umefungwa, mradi wafike kumi na kila mmoja awe na nguo halisi ya kuogelea. Nimezunguka kwa majirani. Pamoja nami tumefika tisa, na nguo hakuna hata mmoja mwenye nayo.

Mama, wa kumi ni wewe.

Mwanao,
Mastula


Busia,
27 Septemba 1976

Mwanangu Mastula,

Idi njema kwenu nyote, na Mungu apokee saumu zenu. Barua yako ya Juni imenifikia jana. Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, na siku zote hizo sikujua kama mna uzima. Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini kabla ya kufungua. Kisha nikasoma habari ya mchuzi, nikacheka mpaka Syprose akaja mbio.

Kosa ni langu. Mshonaji wa miaka thelathini natuma leso ambayo haijalowekwa, na najua huko hakuna chumvi. Nimeona aibu. Kwa hiyo nimeshona nguo kumi za kuogelea, nyeusi, mikono mirefu, zinafika chini ya goti, na zote nimeziloweka kwenye chumvi siku mbili. Syprose amesukuma pedeli mpaka mabega yamemvimba na anadai na yeye apelekwe.

Sasa nikuambie ukweli. Mei sikukataa kwa ajili ya mpaka tu, wala kiingilio. Niliogopa kujaribu halafu nisipone. Nisipojaribu, nilikuwa bado na tumaini. Lakini tangu Ramadhani siinuki kutoka sijda bila kushikwa mkono, na tumaini la namna hiyo halinifai kitu.

Mwambie Badiru aje na kiti cha kupandia lori.

Mamako


Tororo,
11 Novemba 1976

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tangu uondoke Jumamosi nyumba imekuwa kubwa. Natumai safari ilikuwa njema na lori halikukurusha sana.

Badiru bado anasimulia ile siku ya kuja, askari alipokuta mfuko wako wa chumvi akauliza, "Hii nini, magendo?" nawe ukamwambia ni dawa ya magoti, ukamwonyesha na magoti yenyewe. Anasema askari aligeuka haraka, akachukua nusu, na akakusaidia kupanda.

Mimi nakumbuka Alhamisi ya kwanza. Tulikushusha watu wanne. Maji yalipofika kifuani ukasimama, nikadhani unaumwa. Kisha ukaachia mkono wangu ukaenda mwenyewe mpaka ng'ambo, ukirudi unawaamrisha wenzako wakupishe njia. Sijawahi kufurahi hivyo, Mama. Leo ilikuwa Alhamisi ya kwanza bila wewe. Tulikuwa tisa, lakini mzee Owor alihesabu akasema, "Kumi. Yule mama ya Busia bado iko ndani ya hesabu," akafungua ua.

Niambie basi, bila kuficha. Magoti je, na cherehani?

Mwanao,
Mastula


Busia,
22 Novemba 1976

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na safari hii nimesema kweli.

Kwa Muzamiru utapata nguo moja ya kuogelea. Ni ya mke wa mzee Owor, kwani uliniambia ana magoti kama yangu na hajawahi kuingia maji anayoyalinda mumewe. Imelowekwa. Mpe na chumvi hii kidogo.

Kuishona kulinichukua siku nne, robo saa kwa robo saa, nikipumzika katikati. Syprose alikaa kitini akinywa chai, akinisahihisha mwendo. Mwombe radhi mama huyo kwa mshono wa kwapa la kushoto. Umepinda kidogo. Hapo ndipo nilipoacha kutazama kitambaa, nikawa natazama miguu yangu.

Mamako