Maziwa ya Matone

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado yupo, ingawa si wa kuulizwa hali tena. Wewe je, goti limepoa? Ukiuona mwandiko huu umekuwa kama nyayo za kuku, vumilia. Naandika nikiwa nimelala.

Wiki hii koo limegoma kumeza, kwa hiyo nalishwa kwa mpira puani. Nacheka peke yangu. Nimewalisha wangapi hivyo nikiwa muuguzi katika wodi ya virusi, hadi ukaniita Bibi Matone!

Unakumbuka mkeo alivyoletwa, mapafu yamejaa, hajaonja kitu tangu homa ianze. Tulimlaza kifudifudi, mashine ikampumulia, nami nikaanza kumpa maziwa tone kwa tone. Nilikueleza pale kwenye kioo kilichowatenga wageni na wodi kwamba mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, moyo huweza kusimama. Ulinijibu kwamba wewe ni mtu wa bucha, unaujua mwili kuliko mimi, na mtu mzima halishwi kama kifaranga. Ukawaambia shemeji zako kwamba namuua kwa njaa kwa kuwa sikumpenda tangu umuoe. Kumpenda sikumpenda, kweli. Lakini nilimlisha.

Mchana ule ulivunja kioo kwa kiti. Nilisimama mbele ya kitanda. Ulikwapua chuma kilichobeba mfuko wa maziwa, ukanipiga nacho usoni. Nilisikia taya likikatika kama kuni kavu. Nilipoanguka ulinikanyaga mbavu, kisha ukaushika mfuko kwa mikono miwili, ukaukamua hadi ukanywea, huku ukimwambia mkeo ale, ale, mume wake amefika. Walinzi walikuburuta ukiwa umelowa damu, yangu na ya viganja vyako.

Kesho yake akafariki. Polisi walipokuachia ukaja kuchukua maiti, nilikuambia mbele ya shemeji zako, meno yangu yakiwa yamefungwa kwa waya, kwamba moyo wake umesimama kwa sababu ya maziwa yako.

Ukafunga bucha. Hukuoa tena. Kila tulipokutana kwenye sinia moja ulitugeuzia mgongo, ukisema mkono uliomuua mtu kwa chakula haustahili kuonekana ukimega tonge. Nami niliutazama mgongo huo nikashiba.

Sasa sikiliza. Ulipokwapua kile chuma, mpira ulimchomoka puani. Nikiwa sakafuni niliyaona maziwa yote yakipenya shuka na kudondoka chini ya kitanda, ya vuguvugu, yakichanganyika na damu yangu. Halikumfika hata tone. Kilichomuua ni mapafu. Daktari alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba tujiandae, hatavuka wiki.

Hukumuua. Nilijua tangu siku hiyo, nikanyamaza kwa kisasi cha taya langu. Na kisasi kilipokwisha, nikanyamaza kwa aibu.

Taya ulilivunja wewe. Huo mzigo ni wako, ubebe. Lakini mkeo mtue.

Nisalimie majirani wanaokuvumilia. Ukija, usiniletee kitu, sili tena. Njoo na chakula chako, ukae hapa kitandani, ule ukinitazama.

Ni mimi dada yako,
Bibi Matone