Uzi Niliokata Kwenye Transista Zako

Baba Njeri,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua, udongo nilikumwagia kwa mkono wangu. Nakuandikia kwa sababu nimekosa, na nusu ya kosa ni lako.

Wiki mbili baada ya kukuzika, Chebet alikuja. Huyo msichana fundi wako, uliyemfundisha miaka mitatu kibandani kwako mtaa wa Huruma huku mimi mkeo nikiambiwa niache chai mlangoni. Akasema, "Pole, Mama," kwa adabu, halafu macho yakakimbilia mkebe wako wa vipuri. Mkebe! Hakuomba picha wala koti lako. Alitaka transista, vile vidude vya miguu mitatu vya kuongoza umeme, ulizozichagua mbili mbili, amalizie ile taa ya kanisa la Cheptiret mliyoianza pamoja. Mliyoianza. Pamoja. Nikamwambia arudi Jumamosi.

Nilipoufungua nikaona uzi wangu. Ule wa kijani wa kufuma sweta za shule, ulioapa hujauona! Kumbe ulifungia transista zako, mbili mbili, zimebanana uso kwa uso kama wapenzi. Mimi uliniangalia hivyo lini mara ya mwisho? Nikachukua makasi. Nikakata zote, nikazikoroga kama maharagwe kwenye uteo. Ni wivu, ndiyo. Sina haja ya kuuficha, wewe huwezi tena kunitoroka kwenda kazini.

Jumamosi Chebet akauliza uzi uko wapi. Nikasema panya. Akachagua mbili zenye maandishi sawa, akaziunga hapa mezani kwako, nami nikiangalia. Taa ikawaka vizuri. Halafu ikazidi. Ikazidi tena, nyeupe ya kuumiza macho, mara paap, giza na harufu ya kuungua.

Alilia, Baba Njeri. Si kwa ajili ya taa. Alisema, "Watasema Mzee hakunifundisha kitu." Hapo ndipo nikashtuka. Wakucheke wewe? Jina lako nimelibeba tangu sijaota mvi. Nikamwambia, "Ni mimi. Hakuna panya."

Nilingoja anitukane. Akafuta uso, akavuta kiti, akanieleza. Kwamba moja inaonyesha kipimo cha umeme, nyingine inafuata, ndiyo taa ipate kiasi kile kile betri ijae ama ichoke. Kwamba lazima zifanane kweli, maandishi hayatoshi, na zishikane ili joto liwe moja. Ile inayofuata ikipata joto peke yake inavuta umeme zaidi, ikivuta zaidi inapata joto zaidi, hivyo hivyo mpaka kitu kiungue. Nilielewa upesi, akashangaa. Sikumwambia kwamba tangu aje kuulizia mkebe nimekuwa hivyo hivyo.

Tukazipima upya siku tatu. Yeye anaweka, mimi nasoma mita. Shule sikuenda sana, lakini namba naziona. Nikashika moja, akanigombeza: "Usiiguse, Mama! Joto la kidole linadanganya mita." Mimi, kugombezwa nyumbani kwangu! Nikatumia kibano. Na kila saa ni Mzee alisema hivi, Mzee alisema vile. "Mzee alisema ngoja namba itulie." "Mzee alisema mkono wenye haraka ubaki nyumbani." Wewe ulisema hayo? Wewe wa "leta chumvi" na "nani amefunga dirisha"? Nilidhani Mungu alikunyima maneno. Kumbe ulikuwa nayo gunia zima, ukayamwaga Huruma.

Iliniuma. Bado inauma.

Taa imewaka. Tuliiwekea betri mpya, tukaiwekea ile kuukuu ya redio yako, haikutikisika. Uzi nilifunga mimi, na nimeufunga vizuri kukushinda. Kanisani wamesema ni kazi ya mkono wako. Chebet hakubisha, nami sikubisha.

Sasa anaulizia mkebe tena, nimemkatalia. Nimemwambia afanyie kazi hapa, mezani, kila siku isipokuwa Jumapili, na chai atakunywa ndani.

Basi lala, mzee wangu. Nakuahidi hili: nitamkamua huyo msichana mpaka tone la mwisho. Kila neno ulilompa yeye ukaninyima mimi atanipa, moja moja, hata kama itachukua miaka yote niliyobakisha. Yakiisha, mkebe ni wake.

Mkeo,
Mama Njeri